Tumbo Halipumziki kwa Kiu

Mwandishi aliyetushauri tumnyime maji na uji mtoto anayeharisha ili tumbo lipumzike, kisha tukimbilie antibayotiki ya Flagyl, amekosea mara mbili. Flagyl haiui virusi, na rota, inayowaharisha watoto wengi, ni kirusi. Ndiyo maana Tanzania ilianza kuchanja watoto dhidi yake mwaka 2013. Kinachoua ni kukaukiwa maji. Mama wa Igogo au Kirumba, jijini Mwanza, achanganye chumvi za ORS kwa kipimo cha pakiti, kwa kawaida lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ampe mtoto kidogo kidogo, aendelee kumnyonyesha na kumlisha, aongeze zinki kwa siku 10 hadi 14. Mtoto akiharisha damu, macho yakididimia au akishindwa kunywa, hospitali upesi. Huko daktari ndiye ataamua kuhusu antibayotiki, si muuza duka wala gazeti.