KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Daraja la mlangoni



Munajua treni ndogo ya kwetu. Bwana wangu alipoacha kazi ya reli, aliwajengea watoto njia juu ya mbao zinazozunguka chumba chote. Kwa kuwa njia inapita mlangoni, tuna kipande kimoja cha kutoa, kama daraja, ili watu waingie.

Juma lililopita nilikitoa nipitishe beseni la nguo, treni ikiwa inatembea. Ilifika ukingoni, ikaanguka kwenye simenti. Kichwa chake kilipasuka. Binti yetu wa miaka 12 alilia, nami nikamgombeza: “Sababu gani hukuizima?” Baba yake akasema: “Mama, usimgombeze. Kosa ni langu, niliunga waya vibaya.”

Umeme wa treni hii, volti 12, unatoka kwenye transfo na kupita ndani ya reli zenyewe: waya mwekundu kwa reli moja, mweusi kwa nyingine. Reli za karibu na mlango zilikuwa zimeungwa moja kwa moja na transfo. Basi hata daraja likiwa limetoka, zilibaki na umeme.

Siku ya posho baba na binti walitengeneza upya, mimi nikashika taa. Walifanya hivi:

1. Pande zote mbili za mlango, mita moja kabla ya ukingo, walikata reli ya waya mwekundu, nafasi ndogo tu. Sasa umeme mwekundu unaingia kwanza darajani, ndipo unarudi kwenye vipande hivyo viwili. Daraja likitoka, vinakufa.

2. Walitumia fishi ya miguu mitatu, inayoingia kwa namna moja tu: miguu miwili kuleta umeme darajani, wa tatu kuurudisha. Fishi jike inakaa upande wa transfo, dume inakaa darajani. Hivyo miguu iliyo wazi haina umeme, hata kijiko kikiigusa.

3. Hawakutegemea reli kugusana na reli, maana vumbi linazuia umeme. Daraja lina waya zake zenyewe, kwa rangi zilezile.

4. Waya waliuacha mrefu kidogo, wakaufunga kwenye ubao, ili mkono ukivuta usikate pale palipolehemiwa.

Angalisho: watoto wanagusa upande wa volti 12 tu. Transfo na prizi ya ukutani ni kazi ya mtu mzima.

Jana binti alinyanyua daraja kwa makusudi. Nilifumba macho. Treni ilikuja, ikapunguza mwendo, ikasimama mbali na ukingo, na kichwa chake kilichogundishwa kwa gundi.

“Mama,” akaniambia, “sasa pitisha beseni lako.”

Tuonane juma lijalo.