Watu na Kazi Zao: Marehemu Bwana Simeon Nyachae wa Kisii

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Walakini huko Gusii alikuwako mtu aliyeshika kalamu ya serikali kwa mkono mmoja na daftari la biashara kwa mkono wa pili, asipokonywe hata kimoja kwa miaka mingi. Huyo ni marehemu Bwana Simeon Nyachae, na habari zake zamfaa kila karani mwenye duka na kila mkulima mwenye kuuza mazao.

Alizaliwa tarehe 6 Februari 1932 katika Nyaribari, wilaya ya Kisii, siku ambazo Nyamira ilikuwa bado haijatengwa na wilaya hiyo. Baba yake, Musa Nyandusi, alikuwa chifu mkuu. Katika miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza za Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, na chifu huyo alikuwa mmoja wa waliotangulia kuipanda. Basi kijana alikulia katika mji ambamo amri za serikali na hesabu za mavuno zilikaa pamoja.

Alianza kazi akiwa karani, kisha akaenda Uingereza kujifunza uongozi wa serikali. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 alipanda cheo upesi: alikuwa Mkuu wa Mkoa katika Bonde la Ufa, kisha katika Mkoa wa Kati, na mwaka 1984 akawa Katibu Mkuu wa serikali nzima.

Wakati huohuo biashara zake zilikuwa zikikua. Alikuwa na kiwanda cha mikate katika Kisii, kwa jina la Sansora, na kinu cha kusaga nafaka huko Nairobi, kwa jina la Kabansora. Gusii si nchi ya ngano. Ni nchi ya chai, kahawa na ndizi. Lakini watu wake hula mkate, na fedha yao hutoka nje ya wilaya kila mkate unapoletwa kutoka mbali. Auzaye nafaka hupata bei ya nafaka peke yake. Asagaye hupata faida ya unga. Naye aokaye hupata faida ya mkate. Bwana Nyachae aliitambua ngazi hiyo, akaipanda.

Je, ni haki mtumishi wa serikali awe pia mfanyabiashara? Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Bwana Duncan Ndegwa ilikubali jambo hilo. Wenye kuliunga mkono walisema kwamba Mwafrika mwenye elimu na mshahara ndiye aliyekuwa na mtaji wa kuanzia. Wenye kulipinga walisema kwamba mtoa leseni akiwa na duka lake mwenyewe, mwenye duka jirani hatapata haki. Hoja hiyo haijafa hata leo, wala mali ya Bwana Nyachae haikuepukana nayo.

Jaribio lake kubwa lilikuja baadaye. Alichaguliwa kuwa Mbunge mwaka 1992, na mwaka 1998 akawa Waziri wa Fedha. Alizisoma hesabu za taifa kama mwenye kiwanda asomavyo zake, kisha akawaambia wakubwa wenzake waziwazi kwamba serikali ilikuwa imekopa kupita kiasi, na kwamba riba ilikuwa ikiimeza kodi ya wananchi. Maneno hayo hayakuwapendeza wengi. Februari 1999 alihamishiwa Wizara ya Maendeleo ya Viwanda. Naye hakukubali, akajiuzulu. Mwaka 2002 aligombea urais kwa chama cha Ford-People akawa wa tatu, nyuma ya Bwana Mwai Kibaki na Bwana Uhuru Kenyatta. Aliaga dunia tarehe 1 Februari 2021.

Karani hawezi kuiga cheo chake, wala mkulima hawezi kuiga mtaji wake. Lakini kila mmoja aweza kuandika yaingiayo na yatokayo, kutenga fedha ya watu na fedha yake, na kusema kweli hesabu inapokataa, hata kama kweli hiyo itamgharimu kiti chake.