Mnada wa Habari Mtandaoni: Msomi wa Kiswahili Atabisha Mlango Gani?

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walinena wahenga. Hawakutuambia, nyama hiyo ikiwa ni habari na wenye visu wakiwa ni mitambo ya kutafutia habari mtandaoni, wale walioketi kando ya sinia watabaki na nini. Swali hilo ndilo linalonishughulisha katika makala haya, nami naliuliza nikiwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wala si mtaalamu wa tarakilishi.

Tuanze na kisa chenyewe. Mnamo Novemba 2009, Rupert Murdoch, aliyekuwa mkuu wa shirika la News Corporation, alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba huenda magazeti yake yakaondolewa kabisa katika faharasa ya Google. Haya hayakuwa magazeti ya mtaani. Miongoni mwake yalikuwamo The Times na The Sun ya Uingereza pamoja na The Wall Street Journal ya Marekani. Kabla ya mwezi huo kwisha, gazeti la Financial Times liliripoti kuwa shirika hilo lilikuwa limezungumza na Microsoft, ambayo ilikuwa imezindua mtambo wake wa Bing mwezi Juni mwaka uo huo. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza: Microsoft ilipe, Google ifungiwe mlango, na yeyote atakayetafuta habari za Murdoch aelekee Bing. Wakati huo Google ilikuwa ikishughulikia takriban theluthi mbili za utafutaji wote nchini Marekani, ilhali Bing ilikuwa na sehemu moja hivi katika kumi.

Jambo moja lafaa kufafanuliwa hapa, maana mara nyingi hupotoshwa. Kuufunga mlango huo hakukuhitaji kesi wala askari. Tangu mwaka 1994 pamekuwa na desturi ya kuweka katika tovuti faili ndogo ya maandishi iitwayo robots.txt. Programu zinazozunguka kutoka tovuti hadi tovuti zikikusanya maneno ya kuingizwa katika faharasa huisoma faili hiyo kwanza. Mistari miwili tu yatosha: mmoja unataja ni programu gani inayozuiwa, wa pili unataja ni wapi isipofaa kuingia. Programu yenye adabu hugeuka ikaenda zake, ijapokuwa mlango hauna komeo. Ni hodi ya kistaarabu. Kwa hivyo, Murdoch hakukosa uwezo wa kujitenga na Google. Alichokosa ni mtu wa kumlipa fidia ya wasomaji ambao angewapoteza, na fidia hiyo ndiyo iliyoyafanya mazungumzo na Microsoft yawe na maana.

Mapatano hayo hayakufikiwa. Julai 2010 The Times ilianza kuwatoza ada wasomaji wake wa mtandaoni na makala zake zikatoweka katika matokeo ya utafutaji. Mwaka 2012 ikakubali tena sentensi za mwanzo za makala zionekane. Sihitaji kusema mengi juu ya badiliko hilo. Anayefunga duka na madirisha yake yote asishangae wapita njia wakidhani amehama.

Wapo waliomtetea Murdoch, na utetezi wao haufai kupuuzwa. Walisema kuwa magazeti huajiri waandishi, huwatuma vitani na mahakamani, kisha mtambo wa kutafutia ukaja ukaokota vichwa vya habari na kuuza matangazo pembeni mwake. Hoja hii naikubali bila kigugumizi. Mkulima hawezi kulima bure ili mchuuzi atajirike. Hoja yao ya pili ni ngumu zaidi. Walidai kuwa mtambo mmoja ukishakuwa na nguvu kupindukia, njia pekee ya kuupunguza ni kumpa mpinzani wake dhaifu kitu ambacho wenye nguvu hawana. Miaka iliyofuata imewapa ushahidi. Tarehe 5 Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa mahakama ya Washington aliamua kuwa Google ilikuwa imedumisha ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria. Kesi hiyo ilifichua kwamba mwaka 2021 pekee Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe mtambo wa kwanza kumlaki mtumiaji katika simu na vivinjari. Mpinzani atapata wapi upenyo mbele ya fedha kama hizo?

Hata hivyo, tazama vyema dawa iliyopendekezwa mwaka 2009. Mtambo mwenye nguvu alinunua milango ya kuingilia. Mpinzani naye alitaka kununua bidhaa iliyo ndani. Msomaji hakuulizwa pande zote mbili. Septemba 2025 jaji yuyo huyo aliizuia Google kufunga mikataba ya kipekee ya kusambaza mtambo wake. Kama mkataba unaompa mmoja na kuwanyima wengine ni sumu unapofungwa juu ya simu, sioni vipi ugeuke asali unapofungwa juu ya gazeti.

Sasa tuje nyumbani, kwani msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza haya yote yanamhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu ya gazeti. Nani kati yetu asiyejua kuwa sehemu kubwa ya ushairi wa Kiswahili wa karne ya 20 iliishi magazetini kabla ya kuingia vitabuni? Mambo Leo lilianza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, na kurasa zake zikawa baraza la washairi kwa miongo kadhaa. Taifa Leo limeendeleza desturi hiyo kwetu Kenya. Malumbano ya washairi hayana uhai nje ya baraza la namna hiyo: mmoja anauliza Jumamosi, mwingine wa mbali anamjibu wiki zijazo, wa tatu anaingilia kati bila kualikwa. Kila mmoja huandika akijua kwamba wenzake wote wamesoma karatasi ile ile.

Chukulia basi kwamba gazeti moja limeuza haki ya kuonekana kwake kwa mtambo huu, na gazeti jingine kwa mtambo ule. Shairi la swali litakuwa huku na la jibu litakuwa kule. Mtafiti atakayetumia mtambo mmoja ataona mtu anayefoka peke yake, naye ataandika tasnifu akimwita mshairi mwenye hasira zisizo na chanzo. Sisemi haya kwa kubahatisha. Nilipokuwa nikikusanya data ya utafiti wangu, nililipata jibu mtandaoni lakini sikuliona swali lake popote. Nilikwenda katika maktaba moja yenye majalada ya magazeti ya zamani, nikapekua kwa siku mbili, nikaufikia ukurasa wenyewe. Ulikuwa umekatwa kwa wembe. Msomi fulani kabla yangu alilitaka shairi hilo liwe lake peke yake.

Baada ya hapo siwezi kuusikia mkataba wa kipekee wa habari bila kuukumbuka wembe ule.

Mnada wa leo umebadilisha wanunuzi. Kampuni za akili bandia nazo zinataka maandishi, ya kufundishia mitambo yao na ya kujibia maswali ya watumiaji. Mei 2024 News Corp ilitia sahihi mkataba na OpenAI ambao The Wall Street Journal, gazeti lake lenyewe, liliripoti kuwa huenda ukazidi dola milioni 250 kwa miaka mitano. The New York Times lilikuwa tayari limeishtaki kampuni hiyo pamoja na Microsoft mnamo Desemba 2023. Aidha, katikati ya mwaka 2024 watumiaji wa mitambo mingine waligundua kwamba mijadala mipya ya Reddit haionekani tena kwao ilhali Google, iliyokuwa na mkataba wa malipo na tovuti hiyo, iliendelea kuionyesha. Reddit ilikana kuwa mkataba huo ndio chanzo. Kwa mtafutaji aliyeambulia patupu, tofauti ni ndogo.

Katika mnada huu Kiswahili kina hatari mbili zinazokinzana. Ya kwanza ni kufungiwa. Ya pili, ambayo naiogopa zaidi, ni kutotajwa kabisa: kwamba wachapishaji wetu watazuia programu zote wakisubiri mnunuzi, na mnunuzi asije kwa kuwa ukurasa wa mashairi ya Kiswahili hauvutii watangazaji wa New York. Tutakuwa tumefunga mlango na hakuna aliyebisha.

Msimamo wangu ni kwamba wachapishaji wa Kiswahili wauze, tena wauze kwa bei nzuri, lakini wasimuuzie mmoja haki ya kuwanyima wengine. Na kabla ya kuuza chochote, nakala kamili ya kurasa zao za mtandaoni iwekwe katika maktaba za vyuo vikuu, mahali ambapo mtafiti hatahitaji idhini ya mtambo wowote. Sheria yetu ya Vitabu na Magazeti ilijali nakala ya karatasi ifike kwa Msajili. Ukurasa usio na karatasi haukufikiriwa.

Lipo pia suala la washairi wenyewe, na hapa nawageukia wanachama wa chama chetu ambao tungo zao huchapishwa magazetini. Ulipotuma shairi lako la mwisho, ulimpa mhariri ruhusa ya kulichapa mara moja, au ulimpa pia ruhusa ya kulikodisha kwa mtambo? Nimewauliza washairi wanne swali hili. Watatu hawakumbuki kutia sahihi popote, na wa nne alicheka akaniambia hajawahi kulipwa hata nauli.