Daraja la tatu lisilokuwa na orodha



Ndugu zetu katika imani, mwezi uliopita tulikwenda Mwanza kumsindikiza bibi harusi wa msikiti wetu. Tulikodi kosta hapa Mpanda, tukapita Sikonge, Tabora na Shinyanga, tukafika salama, Alhamdulillahi. Asubuhi ya kurejea, mzee wetu mmoja aliomba tupitie kwanza makaburi ya Igoma. Alisema hana kaburi la kulitafuta pale, ila ana ndugu wa kumwombea.

Igoma ndiko walikozikwa wengi wa waliokufa maji katika meli ya MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria ikitoka Bukoba kuelekea Mwanza, Jumanne tarehe 21 Mei 1996. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Mdogo wake mzee wetu, mfanyabiashara wa ndizi, alikuwa safarini siku hiyo. Mwili wake haukutambuliwa. Mzee alisimama kati ya makaburi, asijue aelekee lipi, akawaombea wote. Nasi tukaitikia amina.

Meli ile ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Orodha ya madaraja ya juu peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, walikopanda wenye nauli ndogo, halikuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio: wapo wasemao mia nane na kitu, wapo wasemao elfu moja. Tofauti hiyo si ya tarakimu tu. Ni watu waliokuwa na wazazi, wake, waume na watoto.

Mzee alitueleza yaliyoifika familia yao. Shemeji yake alingoja miaka, asijue aanze eda lini. Shamba halikugawanywa, kwani aliyepotea harithiwi mpaka kifo chake kithibitike au kadhi atoe hukumu. Na cha kuthibitishia hakikuwapo, kwa kuwa hapakuwa na karatasi hata moja iliyoonesha kwamba marehemu alipanda meli ile.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Mola wetu ametuagiza tuandike na tuweke mashahidi kwa ajili ya mali, ambayo hupotea na kupatikana tena. Je, roho ya Muislamu, au ya jirani yake asiye Muislamu, inastahili daftari dogo kuliko la mkopo?

Tuliporudi kwenye kosta ndipo aibu ilipotushika. Gari lilikuwa na viti 26, nasi tulikuwa watu 38. Watoto walipakatwa, na vijana walikaa juu ya ndoo katikati ya viti. Sisi tunaoandika kila shilingi inayoingia katika sanduku la msikiti hatukuwa tumeandika jina hata moja la msafara wetu. Lau lingetufika la kutufika njiani, nani angejua tulikuwa wangapi?

Tuliwashusha watu 12, tukawakatia tiketi za basi kwa fedha zilizobaki katika michango ya harusi. Wapo walionung'unika kwamba tunapoteza fedha, na kwamba ajali ni kadari. Kadari tunaiamini, nayo ni nguzo ya imani yetu. Lakini anayejaza watu kupita kiasi kisha akataja kadari, anamsingizia Mwenyezi Mungu uzembe wake mwenyewe.

Wala tusidhani kuwa hayo ni ya zamani. Tarehe 20 Septemba 2018, miaka 22 baada ya MV Bukoba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara katika ziwa lilelile. Kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Nasi wa Katavi tuna Ziwa Tanganyika, na ndugu zetu wa Karema na Ikola husafiri humo kwa boti za mbao.

Kamati yetu imeazimia kwamba kila msafara wa msikiti, uwe wa harusi, maziko au maulidi, uwe na orodha ya majina na namba ya simu ya ndugu wa kila msafiri, na nakala ibaki msikitini. Viti vikijaa, safari imejaa. Tunawaomba wenzetu wa misikiti mingine wafanye vivyo hivyo, na kina mama wasione haya kuuliza orodha kabla ya kupandisha watoto.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliolala Igoma, wenye majina na wasio na majina kwetu. Kwake Yeye hakuna asiyeandikwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.