Iron Man wa Maboksi Kutoka Mkula: Mnacheka Nini?

Povu limemwagika mitandaoni kwa dogo mmoja wa Mkula, kule Busega mkoani Simiyu. Jina kapuni. Kosa lake? Kajitengenezea vazi la chuma la shujaa wa muvi, kapiga picha nje ya kwao, kaposti. Haikupita hata nusu saa wajanja wa mjini wakashuka: "Iron Man wa maboksi ya biskuti", "mvua ikinyesha tumempoteza", "avenja wa pamba". Dada mmoja maarufu mwenye wafuasi kibao naye akairusha kwake na emoji za kucheka, basi ikawa sherehe.

Sasa hao wanaocheka waulizwe kitu kimoja: hiyo muvi waliiangalia kweli au waliona vipande tu? Maana kwenye Iron Man ya kwanza, ile ya mwaka 2008, jamaa hakuanza na vazi jekundu linalong'aa. Vazi la kwanza kabisa kaliunga pangoni kwa mabaki ya vyuma, likawa baya kwa sura na zito. Na hilo linalong'aa mnalolipenda, sehemu kubwa ni kompyuta. Dogo wa Mkula hana kompyuta ya kumfichia viungio, kavaa kitu ambacho kipo.

Halafu kuna hii tabia ya kuona vazi la ajabu ni mambo ya Wazungu. Usukumani vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana miaka na miaka, na ushindi ulikuwa ni nani kavuta umati mkubwa. Mtu alikuja na nyoka, na sanamu, na mavazi ya kuduwaza, ilimradi watu wahame upande wa pili waje kwake. Nenda Bujora kwenye sherehe za Bulabo mwezi wa sita uone. Babu zake dogo walikuwa wanafanya kosplei kabla jina halijafika. Na Kinshasa hivi sasa kuna wasanii wanaingia mtaani wamevaa makopo, nyaya na vipande vya simu mbovu kuanzia kichwani hadi miguuni, na picha zao zinazunguka dunia nzima. Hao hawaitwi washamba, wanaitwa wasanii.

Haya, kwa wale waliokuwa wanauliza kimyakimya inbox "inatengenezwaje", maana nao wapo wengi tu. Wengi wanakosea kwa kuanza na kofia. Kofia ndiyo tamu kwenye picha lakini ndiyo ngumu kuliko vyote, na mtu akiiharibu anaacha kila kitu. Anza na mkono, kuanzia kiwiko hadi kifundo. Zungushia mkono mfuko wa nailoni, juu yake selotepu mpaka uwe mgumu, chora mistari kwa kalamu, kisha mtu mwingine akukatie taratibu. Kinachotoka, kikilazwa chini, ndiyo ramani yako, na inakukaa wewe na si mtu mwingine. Ramani za bure zipo pia kwenye intaneti, unazitoa steshenari kwa nyeusi na nyeupe, ila pima mwili wako kwanza, la sivyo utatoa karatasi arobaini za kofia inayomtosha mtoto wa chekechea.

Boksi lina mistari ndani. Ukilikunja kufuata mistari linapinda vizuri kama bomba, ukilikunja kinyume linavunjika na hapo ndipo vazi linaanza kuonekana boksi. Siri yote ya dogo iko hapo. Baada ya kuunga anapaka gazeti kwa uji wa unga wa ngano, tabaka moja, linakauka juani kabisa, ndipo la pili. Ukiharakisha linaota ukungu, na panya wa Mkula hawana utani na unga.

Kwenye viungio boksi halifai. Hapo anatumia malapa yaliyochakaa, yanakatika kwa wembe na yanapinda. Anayeona malapa ni takataka akumbuke lile jahazi la Flipflopi lililotengenezwa Lamu kwa plastiki chakavu na kupambwa kwa malapa elfu thelathini hivi. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likaingia Ziwa Victoria. Kamba za kufungia ni mpira wa tyubu ya baiskeli, fundi anakupa bure. Mwisho unapaka gundi nyeupe ya mbao, mara mbili au tatu, ikauke, ndipo upulize rangi. Na ile foamu nyeupe inayokuja na TV usiipulizie rangi ya kopo moja kwa moja, inayeyuka mbele ya macho yako. Rangi na gundi ya viatu fanyia nje, si chumbani. Na jamani, kofia ya boksi siyo helmeti, usipande nayo bodaboda.

Sasa utamu. Siku nne baada ya kuchekwa, msanii mmoja anayetamba kajitokeza inbox kwa dogo. Anataka vazi lilelile kwa ajili ya video. Ofa yake ni shilingi 30,000 "na nitakutag". Hesabu ya dogo mwenyewe: makopo mawili ya rangi 12,000, gundi 5,000, selotepu na nyembe 2,000. Jumla 19,000. Inabaki 11,000 kwa jioni za wiki tatu nzima. Na tagi? Tagi haipakwi kwenye ugali.

Kuna wanaosema akubali tu, ndiyo kutoka kwenyewe. Hapana. Akikubali bei hiyo leo, kesho atakayekuja atasema "mbona fulani ulimfanyia thelathini?" Na picha ikishatoka bila jina lake, sifa zote zinakwenda kwa stailisti wa msanii. Dogo adai nusu kabla vazi halijatoka Mkula, jina lake liandikwe kwenye maelezo ya video, na vazi lirudi kwake likiwa zima au lilipwe. Laki moja na nusu ni bei ya heshima, wala si ukali. Msanii anayekodi gari la kifahari kwa siku moja ya shuti haiwezi kumshinda. Ikimshinda, maboksi Lamadi yapo, akaokote mwenyewe.