Duma: ni kelele au ni muziki? Tuachieni uwanja tuamue wenyewe

Wadau, ukitaja Duma hapa Bariadi mtu atafikiria mto unaopita mkoani kwetu Simiyu, au yule mnyama mwenye mbio kule Serengeti. Duma ninayoizungumzia leo ilitoka Nairobi. Iliundwa na vijana wawili, Martin Khanja (Lord Spike Heart) na Sam Karugu, na jina lao lina maana ya giza kwa Kikikuyu. Albamu yao, nayo inaitwa Duma, waliirekodi Kampala, na lebo ya Nyege Nyege Tapes ikaitoa Agosti 2020.

Muziki wenyewe ni grindikoo. Ulizaliwa Uingereza miaka ya 1980, panki na metali zilipogongana. Napalm Death wa Birmingham walitoa albamu ya Scum mwaka 1987: nyimbo 28 ndani ya dakika kama 33, na mmoja wao, You Suffer, unaisha kwa sekunde moja na ushee! Duma walichukua ukali huo, wakaondoa mpiga ngoma na kuweka midundo ya kompyuta. Matokeo yake... gitaa linakwaruza, midundo inakimbia kama cherehani, na Khanja anapiga mayowe mpaka unajiuliza koo lake limeumbwa na nini.

"Sasa huo nao ni muziki?" Ndilo swali ninaloulizwa kila nikiwawekea washkaji. Wengine wanaongeza kuwa ni wa shetani, na wimbo kuitwa Pembe 666 hausaidii utetezi wangu. Wengine wanasema ni kelele za Wazungu.

Hapo kwenye Wazungu ndipo ninapogoma. Singeli ya uswahilini Dar, yenye midundo zaidi ya 200 kwa dakika, nayo iliitwa kelele na fujo za wahuni. Lebo hiyohiyo ya Kampala iliikusanya kwenye Sounds of Sisso mwaka 2017, na Ulaya wakaicheza wakati baadhi yetu bado tunaionea aibu.

Tena sisi Wasukuma ndio wa mwisho kuogopa makali. Tangu karne ya 19 Bagika na Bagalu wanashindana kwa mbina baada ya mavuno. Makundi mawili, uwanja mmoja, wakati mmoja! Ngoma zinagongana, wengine wanacheza na chatu, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Nani anawaza kuwa na staha pale? Ukipiga taratibu, watu wanahamia upande wa pili.

Sheria ya uwanja ule naipenda kwa jambo moja: hakuna anayezuiwa kupiga. Hukumu inatoka kwa miguu ya watazamaji. Kwenye redio zetu mambo ni kinyume. Mtangazaji anaamua kwa niaba yako kwamba hutaipenda, na mimi Duma sijaisikia redioni hata mara moja. Hivyo albamu ya Wakenya, iliyorekodiwa Uganda, inasifiwa na wachambuzi wa Ulaya na Marekani kabla kijana wa Maswa au Meatu hajajua kuwa ipo.

Sisemi ipigwe kwenye kitchen party ya shangazi. Nasema watangazaji wawape hata dakika nne usiku wa manane. Tukiichukia, tutahama wenyewe. Miguu tunayo!

Naomba kuwasilisha.