Karo ya Mwaka wa Pili Italipwa na Nani?

Agosti 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai warudishiwe pesa zao. Wapo waliokuwa wameuza mashamba na ng'ombe ili watoto waende kusoma Ufini na Kanada kupitia mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu. Karo waliilipa kwenye akaunti ya amana iliyosimamiwa na kaunti, si kwa vyuo vyenyewe. Wanafunzi waliokwisha kufika Ufini walijikuta wakidaiwa na vyuo, na wengine hawakupanda ndege kabisa. Mwezi huohuo aliyekuwa gavana na maafisa wa wakati wake walifikishwa mahakamani Nakuru kuhusiana na takriban Sh1.1 bilioni. Walikana mashtaka.

Mjadala uliofuata ulikuwa wa wizi, na ilipasa uwe hivyo. Lakini tuseme kila senti ingefika ilikotumwa. Je, familia hizo zilikuwa zimejiandaa? Nina shaka. Maandalizi yetu ni ya safari, na masomo hayaishi siku ya safari.

Tazama kamati ya harambee inavyofanya kazi. Bajeti yake ina tiketi, viza, karo ya muhula au mwaka wa kwanza, koti la baridi na pesa kidogo za mfukoni. Mgeni wa heshima anatoa ahadi, picha zinapigwa, kijana anaondoka. Shahada ya chuo cha sayansi tumizi nchini Ufini kwa kawaida huchukua miaka mitatu na nusu hadi minne. Sijawahi kuona kadi ya mwaliko wa harambee ya mwaka wa tatu, na hata ingechapishwa, majirani wangeuliza kama mtoto hajapata kazi huko bado.

Balozi nazo zinachangia upofu huu bila kukusudia. Ujerumani inamtaka mwombaji aoneshe euro 11,904 kwenye akaunti maalumu ambayo humruhusu kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Ufini inahesabu euro 800 kwa mwezi. Kanada ilidai dola zake 10,000 kwa miaka mingi, hadi Januari 2024 ilipopandisha ghafla hadi 20,635, na kiwango kimepanda tena tangu hapo. Hesabu zote hizi ni za kujikimu, karo iko kando, na zote ni za mwaka mmoja. Mzazi akiona viza imetoka, huamini kwamba serikali ya kigeni imekagua mfuko wake na kuridhika. Kilichokaguliwa ni miezi 12 ya kwanza.

Hata hiyo miezi 12 mara nyingi ni ya kuazima. Mjomba anaweka pesa kwenye akaunti, taarifa ya benki inachapishwa, kisha mjomba anachukua chake. Uingereza inajua mchezo huu, ndiyo maana inataka pesa ziwe zimelala kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Wanaoucheza nao huazima kwa siku 28.

Wakala wa safari ana jibu moja kwa maswali yote haya: kijana atafanya kazi na kujilipia. Ni kweli nusu. Uingereza inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, Kanada 24 nje ya chuo, Ufini wastani wa 30. Saa hizo zinaweza kulipa chakula na labda chumba. Karo ya mwanafunzi asiye raia wa Ulaya, ambayo Ufini ilianza kuitoza mwaka 2017, ni mlima mwingine. Tena kazi nyingi za huduma zinadai lugha ya wenyeji, na Kifini hakisomwi kwa wiki mbili kabla ya kupanda ndege.

Wapo watakaosema kuidai familia ijiandae kwa miaka yote ya masomo kutamfungia nje mtoto wa maskini, na abakie kusoma mtoto wa waziri. Hoja hiyo inauma kwa kuwa ina ukweli. Vijana wameondoka na karo ya muhula mmoja tu, wakapambana, wakahitimu. Lakini hao ndio tunaowasikia. Anayekatiza masomo hatumi picha nyumbani.

Kaunti ikitaka kweli kusaidia, kazi yake isiwe kushika pesa. Mzazi alipe chuo moja kwa moja kwa namba ya ankara iliyotoka chuoni. Kaunti ichapishe gharama za miaka yote ya kozi, ifundishe lugha mapema, na imweleze kijana anayesomea udaktari kwamba akirudi Kenya atafanya mtihani wa baraza la madaktari kabla ya mafunzo ya kazini. Kamati ya harambee nayo ifungue akaunti ambayo haitaguswa hadi mwaka wa pili, na mgeni wa heshima aombwe atoe ahadi yake huko. Atakayekubali kuchangia karo ambayo haitapigiwa makofi ndiye wa kuitwa mfadhili.